Ukuta Unaoitika: Jinsi ya Kutengeneza Kazi ya Sanaa kwa Kamera ya Wavuti

Kazi tutakayoitengeneza hapa ni ukuta unaomjibu mtu anayepita mbele yake. Akinyanyua mkono, nuru ya rangi ya kaharabu inanyanyuka ukutani upande uleule. Akitulia, nuru inafifia mpaka inazimika. Wakija watoto wakicheza, ukuta mzima unawaka. Vifaa vyake vikuu ni vinne: kamera ya wavuti, kompyuta, projekta na ukuta wenyewe. Programu haifiki mistari 50 na nimeiweka yote humu. Mwishoni nitaeleza namna ya kuunganisha kuta mbili zilizo katika miji miwili, ili anayecheza Mombasa amwone anayecheza Mwanza.

Msimamo wangu niutaje mapema, kwa sababu ndio unaoamua kila hatua: chukua kwenye kamera ile habari tu ambayo kazi inaihitaji. Kamera inaona sura, mavazi, nani ameongozana na nani na saa ngapi. Ukuta wetu unahitaji kujua jambo moja, yaani wapi pamesogea. Ukijifunga na hilo, programu inakuwa nyepesi, kompyuta ya bei ndogo inatosha, gharama ya intaneti inashuka, na mtu aliyepita mbele ya kazi yako anaondoka na sura yake.

Wazo lina historia ndefu. Katika miaka ya 1970 huko Marekani, Myron Krueger alijenga Videoplace, ambamo kivuli cha mtu kilichonaswa na kamera kilicheza na maumbo ya kompyuta kwenye skrini. Mwaka 1974 Nam June Paik aliweka sanamu ya Buddha mbele ya televisheni na kamera ikaielekea, sanamu ikawa inajitazama yenyewe moja kwa moja. Kazi iliyonifunza zaidi ni Wooden Mirror ya Daniel Rozin, ya mwaka 1999: vipande 830 vya mbao vinavyoinamishwa na mota ndogo, na kamera imefichwa katikati. Mtu akisimama mbele yake anajiona kwa mbao. Vipande 830 ni vichache mno kuliko pikseli (nukta za picha) za simu ya bei rahisi kabisa, na bado mtu anajitambua papo hapo. Kinachomtambulisha ni mwendo unaolingana na wake, bila kuchelewa.

Hapo kwenye kuchelewa pana siri ya kazi yote. Ukuta ukijibu baada ya nusu sekunde, mtu hajui kama ni yeye aliyejibiwa. Anapunga mkono mara moja, anageuka, anaondoka. Kila uamuzi utakaofanya kuhusu kamera, kompyuta na projekta upime kwa swali hili: unaongeza kuchelewa au unapunguza?

Nenda ukaone mahali kwanza

Kabla ya kununua chochote, nenda mahali penyewe, na uende saa ileile ambayo kazi itakuwa wazi. Ukumbi wenye giza zuri saa moja jioni huenda saa tisa alasiri ukawa na dirisha linalomwaga jua katikati ya ukuta. Angalia soketi ziko wapi. Angalia watu wanapita wapi kwa mazoea yao, maana hawatabadilisha njia kwa ajili ya sanaa yako. Ukuta ndio uwafuate. Veranda, ushoroba wa jumba la utamaduni au baraza ya shule vinafaa kuliko chumba cha ndani ambacho mtu lazima aamue kuingia.

Pima kwa futi kamba. Unataka upana wa ukuta utakaowaka, nafasi ya watu kusimama mbele yake, na urefu wa dari.

Vifaa

Kamera yoyote ya USB inayotoa picha ya 640 kwa 480 inatosha, mradi ikuruhusu kupanga mwanga kwa mkono badala ya kujipangia yenyewe. Usilipe zaidi kwa ajili ya ukali wa picha, kwa sababu tutaipunguza mpaka vijisanduku 80 kwa 60. Kamera iliyojengwa ndani ya laptopu inafaa kujaribia programu mezani tu. Ukumbini utahitaji kuiweka kamera mbali na kompyuta. Kebo ya kawaida ya USB 2.0 ina mwisho wa mita 5. Ukihitaji kwenda mbali zaidi, tafuta kebo ya kurefushia yenye kikuza mawimbi ndani yake.

Kompyuta: laptopu ya zamani iliyowekewa mfumo wa Linux, au Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja. Projekta: lumeni 3,000 (kipimo cha mwangaza wake) zinatosha ukumbi uliofunikwa madirisha; nje usiku pia, ikiwa taa za barabarani haziupigi ukuta. Kila projekta ina uwiano kati ya umbali na upana wa picha, na umeandikwa kwenye kijitabu chake. Uwiano ukiwa 1.5, picha ya upana wa mita 2 inahitaji projekta iwe umbali wa mita 3. Itundike juu darini ili vivuli vya watu visiangukie ukutani. Kwenye menyu yake, washa hali ya michezo ikiwa ipo, kwa kuwa hiyo inapunguza kuchelewa.

Ongeza UPS ndogo (betri ya akiba umeme unapokatika), ekstensheni nzuri, gundi ya kitambaa ya kubandikia nyaya sakafuni, na kibodi isiyo na waya. Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi utavipata vyote. Kamera iombe ijaribiwe palepale dukani kabla hujalipa.

Mwanga, na ngozi zetu

Sehemu hii ndiyo inayoua kazi nyingi za aina hii, kwa hiyo ipe muda kuliko programu.

Projekta inataka giza. Kamera inataka mwanga. Ukiweka kamera nyuma ya watu ikitazama ukuta, itaona pia nuru ya projekta yenyewe. Nuru hiyo itahesabiwa kuwa mwendo, itazaa nuru nyingine, na ukuta utawaka peke yake bila mtu. Kwa hiyo kamera ikae upande wa ukuta, juu kidogo au chini ya picha, ikiwatazama watu. Kimo cha mita moja na robo ni kizuri: inamwona mtu mzima kifuani na mtoto usoni. Kamera yenye pembe ya nyuzi 70 kwa mlalo inaona upana wa mita 4 hivi kwa mtu aliye umbali wa mita 3.

Sasa watu wapate mwanga bila ukuta kuupata. Weka taa mbili pembeni, kushoto na kulia, zikiwapiga watu kwa ubavu, na kila taa iwekee ubao au kadibodi upande wa ukuta ili isiuoshe. Taa za rangi ya joto na zenye nguvu ndogo zinatosha. Njia ya pili ni infraredi: taa za infraredi zinazouzwa pamoja na kamera za ulinzi, pamoja na kamera ya USB isiyo na kichujio cha infraredi. Jicho halioni kitu, ukumbi unabaki giza, na kamera inaona kama mchana. Infraredi inagharimu zaidi kidogo lakini kama ukumbi ni wako kwa mwezi mzima, chagua hiyo.

Kisha nyuma ya watu. Programu yetu inalinganisha picha ya sasa na iliyotangulia, na inachohisi ni tofauti ya weupe na weusi. Mtu mwenye ngozi nyeusi aliyevaa buibui akipita mbele ya ukuta wa kahawia hafanyi tofauti ya kutosha. Kamera haimwoni, na ukuta unamnyamazia. Aliyevaa kanga au kitenge chenye nakshi kubwa naye anawaka kupita kiasi hata akipumua, kwa sababu kila kona ya nakshi ikisogea inageuka mwendo. Dawa ni mandhari ya nyuma yenye rangi nyepesi: ukuta uliopakwa chokaa, au shuka jeupe lililovutwa vizuri lisipepee. Hapo mwenye buibui anaonekana waziwazi kama kivuli, na mwenye kanga hatofautiani naye sana.

Mjaribishe kila aina ya mtu kabla ya kufungua. Sisemi hivi kwa heshima tu. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kibiashara zinazokisia jinsia ya mtu kwa uso wake. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe kosa la juu lilikuwa asilimia 0.8, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika asilimia 34.7. Programu za namna hiyo ni rahisi kupakua na zinavutia, na vijana wengi huanzia hapo. Mimi nashauri uziache. Mwendo hauulizi ngozi ni ya rangi gani, mradi umepanga mwanga vizuri, na kupanga mwanga kuko mikononi mwako.

Ifunge kamera isijiamulie

Kamera ya wavuti imetengenezwa kwa mazungumzo ya video. Mtu akisogea karibu, inapunguza mwanga yenyewe, akiondoka, inauongeza. Kila inapofanya hivyo, pikseli zote zinabadilika kwa pamoja na ukuta unapasuka nuru bila sababu. Zima mambo matatu: kujipangia mwanga, kujipangia rangi nyeupe, na kujitafutia ukali wa picha.

Kwenye Linux sakinisha v4l-utils, zana za kudhibiti kamera, kisha andika kwenye kituo cha amri (terminal):

```
v4l2-ctl -d /dev/video0 --list-ctrls
v4l2-ctl -d /dev/video0 -c power_line_frequency=1
```

Amri ya kwanza inakuonyesha vipimo vyote ambavyo kamera yako inakubali kubadilishwa. Majina hutofautiana kidogo kati ya kamera na kamera, kwa hiyo soma orodha hiyo kisha ubadilishe vile vinavyotaja mwanga, rangi nyeupe na ukali wa picha. Amri ya pili ni ya umeme wetu. Afrika Mashariki tunatumia umeme wa hezi 50, na taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde. Kamera ikidhani iko Marekani, kwenye hezi 60, utaona mistari ikipanda na kushuka kwenye picha. Namba 1 inaiambia ni 50.

Kwenye Windows, programu ya bure ya kurekodi video, OBS, inafungua dirisha lenye vipimo hivyohivyo.

Programu

Tutatumia p5.js, maktaba ya bure ya JavaScript iliyotengenezwa kwa ajili ya wasanii. Nimeichagua kwa sababu inaendeshwa ndani ya kivinjari: hakuna cha kusakinisha, na kinachofanya kazi kwenye laptopu yako kitafanya kazi kwenye Raspberry Pi. Pakua faili la p5.min.js, toleo la 1, uliweke kwenye folda yako ili kazi isitegemee intaneti. Pembeni yake weka index.html:

```
<!DOCTYPE html>
<meta charset="utf-8">
<body style="margin:0; background:black; overflow:hidden">
<script src="p5.min.js"></script>
<script src="ukuta.js"></script>
</body>
```

Na hili ndilo faili la ukuta.js:

```
let kamera;
let giza = false;
const PANA = 80, REFU = 60;
const KIZINGITI = 30;
const KUFIFIA = 0.94;
const zamani = new Array(PANA * REFU).fill(0);
const nuru = new Array(PANA * REFU).fill(0);

function setup() {
  pixelDensity(1);
  createCanvas(windowWidth, windowHeight);
  frameRate(30);
  noStroke();
  kamera = createCapture(VIDEO);
  kamera.size(PANA, REFU);
  kamera.hide();
}

function draw() {
  background(0);
  if (giza) return;
  kamera.loadPixels();
  if (kamera.pixels.length === 0) return;
  const w = width / PANA;
  const h = height / REFU;
  for (let y = 0; y < REFU; y++) {
    for (let x = 0; x < PANA; x++) {
      const n = y * PANA + x;
      const p = n * 4;
      const sasa = (kamera.pixels[p] + kamera.pixels[p + 1]
                  + kamera.pixels[p + 2]) / 3;
      if (abs(sasa - zamani[n]) > KIZINGITI) nuru[n] = 255;
      else nuru[n] *= KUFIFIA;
      zamani[n] = sasa;
      if (nuru[n] > 4) {
        fill(255, 180, 60, nuru[n]);
        rect((PANA - 1 - x) * w, y * h, w + 1, h + 1);
      }
    }
  }
}

function keyPressed() {
  if (key === 'g') giza = !giza;
}
```

Fungua kituo cha amri ndani ya folda, andika `python3 -m http.server 8000`, kisha ufungue `http://localhost:8000` kwenye kivinjari. Kivinjari kitaomba ruhusa ya kamera, kubali. Fahamu kwamba vivinjari havitoi kamera kwa ukurasa usio na ulinzi wa https, isipokuwa ukurasa huo uko kwenye kompyuta yenyewe, kama huu wetu.

Tuipitie kwa ufupi. Kila pikseli ina namba nne, yaani nyekundu, kijani, bluu na uwazi, ndiyo maana tunazidisha kwa nne kuifikia. Tunachukua wastani wa zile tatu za kwanza na kupata weupe kati ya 0 na 255. Weupe huo ukitofautiana na wa picha iliyotangulia kwa zaidi ya kizingiti, kijisanduku kinawaka kwa nguvu zote. La sivyo, nuru yake inazidishwa kwa 0.94 na kupungua. Pale kwenye `PANA - 1 - x` tunageuza picha kushoto-kulia ili ukuta uwe kioo. Ukiusahau ugeuzi huo, mtu akisogea kulia nuru inakwenda kushoto, na mwili wake unakataa.

Wengi huipa alama ya mwendo mkia kwa njia fupi: wanafunika skrini kwa weusi mwepesi kila fremu (kila picha moja ya mfululizo) badala ya kuifuta. Njia hiyo inaacha ukungu wa kijivu usioisha kamwe, kwa kuwa namba za rangi hukadiriwa hadi namba kamili iliyo karibu na hazifiki sifuri. Ndiyo sababu hapa kila kijisanduku kina kumbukumbu yake katika safu ya `nuru`, na kinazimika kabisa.

Kurekebisha papo kwa papo

Namba mbili ndizo za kuchezea. Kizingiti kikiwa chini, ukuta unachemka wenyewe kwa chembechembe za picha; kikiwa juu, anayetembea taratibu haonekani. Anza na ukumbi mtupu: shusha kizingiti mpaka ukuta uanze kutetemeka bila mtu, kisha upandishe kidogo. Fanya hivyo jioni na taa zote za kazi zikiwaka, usifanye mezani nyumbani.

Namba ya kufifia ndiyo tabia ya kazi. Kwa fremu 30 kwa sekunde, 0.94 inaacha nuru ikae sekunde mbili hivi, 0.98 inaifikisha saba. Mkia mfupi unawafanya watu waruke na kupiga mikono. Mkia mrefu unawafanya wachore: wanapitisha mkono taratibu na kusubiri umbo liishe. Mimi napenda mrefu, hasa jioni, na mfupi mchana ambapo wanakuja watoto wa shule. Ukiwa na nafasi ya kuweka thamani mbili kwa saa mbili tofauti, fanya hivyo.

Kaa pembeni uwatazame watu wasiojua kuwa kazi ni yako. Utaona wapi wanasimama, na mara nyingi watasimama nyuma zaidi ya ulivyopanga. Sogeza taa, usiwasogeze watu.

Siku nzima bila wewe

Kazi ya sanaa inayomhitaji fundi kila saa haijakamilika. Umeme utakatika, na utakaporudi ukuta lazima uamke wenyewe. Raspberry Pi huwaka mara tu inapopata umeme. Kwenye kompyuta ya kawaida, tafuta kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapoanza kuwaka) kipengele cha kuwaka umeme unaporudi. Panga seva na kivinjari vianze pamoja na kompyuta kwa amri kama hii:

```
chromium --kiosk --use-fake-ui-for-media-stream http://localhost:8000
```

Neno la kwanza baada ya jina la kivinjari linajaza skrini nzima. La pili linakubali kamera bila kuuliza. Kwa sababu linakubali kwa ukurasa wowote, kompyuta hiyo isitumike kwa jambo lingine. Zima usingizi wa skrini na masasisho ya kujiendesha.

Pwani kuna joto na chumvi. Raspberry Pi 4 hupunguza kasi yake yenyewe ikifika nyuzi 80 za selsiasi, na ukuta utaanza kuchelewa bila wewe kujua kwa nini. Ipe feni, na kasha liwe na matundu. Kichujio cha vumbi cha projekta kisafishe kila wiki.

Haki ya anayepita

Hata kama huhifadhi picha, umemwelekezea mtu kamera. Weka bango mlangoni, kabla hajafika mbele ya kamera: «Hapa pana kamera. Inaona mwendo tu. Hakuna picha inayohifadhiwa wala kutumwa popote.» Kisha hakikisha ni kweli: programu iliyo hapo juu haiandiki chochote kwenye diski. Acha njia ya kupita ambayo kamera haiifikii, na uichore sakafuni kwa mstari. Wapo wasiotaka, na kutotaka kwao hakuhitaji maelezo.

Ukiamua kuhifadhi picha, hata kwa kumbukumbu ya maonyesho, mambo yanabadilika. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Uganda nayo ilitunga yake mwaka huohuo, Rwanda 2021, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayosimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Utahitaji idhini, na kwa watoto idhini ya mzazi au mlezi. Kwa picha za matangazo, nashauri uwaombe marafiki watano waje siku isiyo na watu.

Kuta mbili, miji miwili

Novemba 1980, Kit Galloway na Sherrie Rabinowitz waliunganisha kwa setilaiti dirisha la Lincoln Center, New York, na jingine la Century City, Los Angeles. Kwa jioni tatu wapita njia wa pande mbili walionana na kusemezana, kwa ukubwa wa mwili halisi. Hawakujiona wenyewe, waliona upande wa pili tu. Waliiita Hole in Space. Leo jambo hilohilo linawezekana kwa bando la simu, na kwa namna isiyotuma sura ya mtu yeyote.

Fanya hesabu. Video ya kawaida ya megabiti 1 kwa sekunde inakula megabaiti 450 kwa saa, yaani gigabaiti 3.6 kwa maonyesho ya saa nane. Ukuta wetu una vijisanduku 4,800, na kila kimoja ama kimeguswa ama hakijaguswa: biti moja. Hizo ni baiti 600. Ukizituma mara 15 kwa sekunde, unatumia megabaiti 32 hivi kwa saa, na kwa saa nane megabaiti 260. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kituo cha utamaduni kisicho na mfadhili kitamudu kushiriki. Na picha yenyewe haitoki ukumbini hata kidogo.

Kwa kuwa mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, kompyuta mbili zitapata taabu kufikiana moja kwa moja. Kodi seva ndogo mtandaoni, iendeshe WebSocket (njia ya mawasiliano inayobaki wazi muda wote) inayopokea baiti 600 kutoka upande mmoja na kuzipeleka upande wa pili, basi, isihifadhi chochote. Kila ukuta uonyeshe nuru yake kwa rangi ya kaharabu na ya wageni kwa bluu. Palipokutana rangi hizo, onyesha nyeupe. Watu wataigundua nyeupe hiyo wenyewe, na utawaona wakiitafuta: mtu wa Mombasa ataweka kiganja ukutani na kusubiri wa Mwanza aweke chake palepale. Nyuma ya kanuni hii kuna sharti moja la kiufundi: mtandao ukikatika, nuru ya kaharabu iendelee bila kusita na ya bluu ififie kwa mwendo wake wa kawaida. Usiandike ujumbe wa hitilafu ukutani.

Sauti niiache nje kwa makusudi. Spika na maikrofoni chumba kimoja vinaleta mwangwi na mlio, na watu wakisikia sauti wanasimama waongee badala ya kucheza.

Huenda badala ya ukuta wa pili ukataka matangazo ya moja kwa moja ya mahali pengine: bandari, barabara, bwawa la wanyama kama lile la viboko la Kituo cha Utafiti cha Mpala, Laikipia, ambalo limewahi kurushwa kupitia explore.org. Hapo pana vikwazo viwili. Kivinjari hakitakuruhusu kusoma pikseli za video iliyotoka kwenye tovuti nyingine isiyokupa ruhusa. Utaiona, lakini programu yako haitaweza kuigusa. Na kamera za ulinzi hutuma kwa mfumo ambao vivinjari haviuelewi, kwa hiyo utahitaji ffmpeg, programu ya kubadilisha video, kuugeuza, na utapata kuchelewa kwa sekunde kadhaa. Waandikie wenye kamera, uombe mkondo wenyewe na idhini ya kuutumia.

Na jiandae kwa usichokitarajia. Septemba 2001 Wolfgang Staehle alikuwa akionyesha kwenye jumba la Postmasters, New York, picha za moja kwa moja za kamera: nyumba ya watawa ya Comburg, mnara wa televisheni wa Berlin, na majengo ya kusini mwa Manhattan. Tarehe 11, picha hiyo tulivu ya majengo ikaonyesha minara ikishambuliwa na kuungua, ukumbini, mbele ya kila aliyeingia. Kamera iliyo hai haikuulizi. Kwa sababu hiyo nimeiweka herufi g katika programu: ikibonyezwa, ukuta unakuwa mweusi mara moja; ikibonyezwa tena, unarudi. Kibodi isiyo na waya akabidhiwe mhudumu wa ukumbi, aonyeshwe namna ya kuitumia, na aambiwe kabla ya siku ya kwanza kuwa ana ruhusa ya kuibonyeza bila kumpigia mtu simu.